Bibi Katharine Cook wa Mengo, Mwalimu wa Wakunga

Katika ukurasa huu tumezoea kuwaletea maisha ya watu waliotutangulia. Safari hii tumemchagua mama ambaye kazi yake yote aliifanya ng'ambo ya mto Kagera, huko Buganda, lakini matunda ya kazi hiyo hayakuzuiwa na mto. Jina lake ni Katharine Cook, na kabla ya kuolewa aliitwa Katharine Timpson. Wengi wenu mmesikia habari za mumewe, Daktari Albert Cook, mwanzilishi wa Hospitali ya Mengo mjini Kampala. Mama mwenyewe hutajwa mwishoni, kama vile mtu anavyotaja kikapu baada ya kusifu ndizi. Sisi tungependa leo tuanze na yeye.

Sababu ya kumchagua ni hii. Katika wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa wapo vijana wengi wanaosomea uuguzi na ukunga, wengine hapa Nyakahanga kwa ndugu zetu Walutheri, wengine Murgwanza kule Ngara, wengine mbali zaidi. Wakija likizo huwaeleza wazazi wao kwamba mtaala wa siku hizi ni wa umahiri. Mzazi akiuliza maana yake, huambiwa kwamba mwanafunzi hapimwi kwa yale anayoyajua tu, bali kwa yale anayoweza kuyafanya kwa mikono yake, mbele ya mtu anayemtazama na kuandika. Asipoweza, hurudia mpaka aweze, hata kama mtihani wa karatasi ameupita vizuri. Wazee wetu kadhaa wameona kwamba jambo hili ni geni, limetoka kwa wataalamu wa mjini. Mzazi aliyeuza mbuzi na kahawa ili alipe karo hukasirika anapoambiwa kwamba binti yake, aliyeongoza darasa, amerudishwa kwenye mazoezi kwa sababu ya kufunga kitovu vibaya.

Basi, tumuangalie mama huyu, tuone kama ni geni kweli.

Katharine Timpson alizaliwa Uingereza mwaka 1863. Alijifunza uuguzi katika Hospitali ya Guy's, mjini London, moja ya hospitali kubwa na za zamani za mji ule. Inafaa tukumbuke uuguzi ulikuwaje katika nchi ile miaka michache tu kabla yake. Kazi ya kutunza wagonjwa hospitalini ilidharauliwa, na mara nyingi waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawake maskini wasiofundishwa lolote. Mwaka 1860 Florence Nightingale alifungua shule ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas', na tangu hapo mambo yakaanza kugeuka. Watu wengi humkumbuka Nightingale kwa taa yake. Sisi tunaona afadhali akumbukwe kwa karatasi yake. Katika shule ile kila mwanafunzi aliwekewa karatasi ya kila mwezi, iliyoorodhesha kazi moja moja: kufunga vidonda, kufunga bendeji, kutandika kitanda cha mgonjwa asiyeweza kuinuka, kupika chakula cha mgonjwa, kuingiza hewa safi chumbani, kumtazama mgonjwa na kueleza hali yake. Mbele ya kila kazi msimamizi aliandika kama mwanafunzi anaifanya vizuri sana, vizuri, kwa wastani, au bado. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 160 iliyopita. Mwanafunzi wetu wa leo anayetembea na daftari la mazoezi akitafuta sahihi ya muuguzi wa zamu, anatembea na mjukuu wa karatasi ile.

Katika hali hiyo mpya ya uuguzi ndipo Bibi Timpson alipopata mafunzo yake. Mwaka 1896 akajitoa kwa Chama cha Misioni cha CMS, akasafiri pamoja na kundi la wamisionari waliokuwa wakienda Uganda. Katika kundi hilo alikuwamo kijana mmoja daktari, Albert Ruskin Cook, aliyezaliwa mwaka 1870 na kusoma Cambridge na Hospitali ya St Bartholomew's. Reli ya Uganda ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutandazwa mwaka ule, kwa hiyo kutoka pwani ya Mombasa mpaka Mengo walitembea. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Wapagazi walibeba mahema, chakula na masanduku ya dawa, na mwuguzi huyu alifanya kazi njiani kama angeifanya wodini, kwa kuwa msafara wa watu wengi hauishiwi na homa, kuhara na vidonda vya miguu. Walifika Mengo Februari 1897.

Hospitali haikuwapo. Kilichokuwapo ni kilima cha Namirembe, kanisa la miti na matete, na watu wengi wenye maradhi. Kazi ilianza mara moja katika nyumba ndogo, na baadaye mwaka uleule pakajengwa hospitali ya kwanza, ya matete na udongo na nyasi. Bibi Timpson ndiye alikuwa mwuguzi mkuu. Mwaka huohuo wa 1897 nchi ilichafuka: Kabaka Mwanga aliasi mwezi wa Julai, na baadaye askari wa Kisudani wakaasi nao. Katika vita ile ya Luba, Desemba 1897, aliuawa George Pilkington, mfasiri wa Biblia ya Kiganda. Daktari Cook alikuwa huko akitibu majeruhi. Hospitali ilibaki mikononi mwa mwuguzi.

Mwaka 1900 wawili hawa walioana. Bibi alimzidi Bwana umri kwa miaka kama saba, jambo ambalo kwetu lingezungumzwa sana kisimani, lakini ndoa yao ilidumu hadi kifo. Mwaka uleule hospitali kubwa zaidi ilifunguliwa. Novemba 1902 radi iliipiga, ikateketea. Wakajenga tena, safari hii kwa matofali, na mwaka 1904 jengo jipya likafunguliwa. Ndugu yake Daktari, Jack Cook, aliyekuwa mpasuaji, alikuwa amekwisha kuungana nao tangu 1899.

Mwaka 1901 ndugu hawa wawili waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale kuonekana Mengo. Mnajua habari za malale, maana mapori yetu ya kando ya Kagera yaliogopwa kwa sababu ya mbung'o, na sehemu ya mapori hayo leo ni hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Huko Uganda, kando ya ziwa na visiwani, inakisiwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka michache. Tauni ya ng'ombe ilikuwa imepita katika miaka ya 1890, hapa Karagwe pia, na njaa nayo. Watu walipungua. Wazee wa Buganda waliona vijiji vinageuka vichaka, na watawala wa Kiingereza waliona kodi na vibarua vinapungua, kila mmoja akahofu kwa sababu yake. Swali likawa: mbona watoto wanakufa? Mimba zinaharibika, watoto wanazaliwa wafu, na wanaozaliwa wazima wengi hawafiki mwaka.

Hapa lazima tuseme jambo moja kwa haki. Daktari Cook na maofisa wa serikali waliona kwamba sababu kubwa ni kaswende, wakataja makadirio makubwa ya watu walioambukizwa, na wakahubiri sana juu ya tabia. Wanahistoria wa baadaye wameonyesha kwamba makadirio yale yalizidi mno, na kwamba ugonjwa wa buba, ambao hauenezwi kwa zinaa, ulichanganywa na kaswende. Wanawake wa Buganda walilaumiwa kuliko walivyostahili. Lakini kutokana na hofu ile, iliyokuwa na kosa ndani yake, lilizaliwa jambo lililokuwa sahihi, nalo ni shule ya wakunga.

Kabla ya shule ilikuja vita. Mwaka 1914 mpaka wa Kagera uligeuka kuwa mstari wa mapigano. Wajerumani walishika upande wetu, Waingereza upande wa Uganda, na Juni 1915 Waingereza waliushambulia mji wa Bukoba. Babu zetu walichukuliwa kubeba mizigo ya vita ambayo haikuwa yao. Majeruhi wa upande wa Uganda walipelekwa Mengo, na hospitali ya misioni ikawa hospitali ya jeshi. Wauguzi wa kizungu hawakutosha hata kidogo. Ndipo ikaonekana wazi kwamba vijana wa Kiganda waliokuwa wakisaidia wodini, kwa kutazama na kufanya, walikuwa wamejifunza mengi, na wangeweza zaidi kama wangefundishwa kwa utaratibu. Mwaka 1917 Daktari Cook alianza kuwafundisha wasaidizi wa waganga. Mafunzo ya namna hiyo baadaye yalichukuliwa na serikali huko Mulago, na kuanzia 1924 yakakua kuwa shule ya uganga ya Makerere.

Bibi Cook alishughulika na upande wa pili. Alikuwa na umri wa miaka 55 hivi, umri ambao wengi hufikiria kupumzika, alipoanza kukusanya wasichana ili awafundishe ukunga. Shule ilifunguliwa katika mwaka 1918 na 1919, ikaitwa Shule ya Uzazi ya Lady Coryndon, kwa jina la mke wa Gavana wa Uganda wa wakati ule.

Tufikirie aliwapata wapi wasichana hao. Hapakuwa na wenye elimu ndefu. Waliojua kusoma na kuandika Kiganda, waliopita katika shule za misioni, ndio waliokuwapo. Na kwa desturi, msichana asiyeolewa hakupaswa kushuhudia uzazi. Hata hapa kwetu bibi zetu wangemfukuza nje binti kama huyo. Mzazi aliyemtoa binti yake aende Mengo alikuwa anafanya jambo la ujasiri, na alihitaji kuhakikishiwa kwamba binti atatunzwa. Kwa hiyo shule ile iliwekewa sheria kali za malazi na mwenendo. Binti aliyeanguka kimwenendo aliweza kupoteza nafasi yake, hata kama mikono yake ilikuwa bora kuliko ya wenzake. Leo hatungependa mkunga hodari apotezwe kwa sababu hiyo, na tunadhani wajawazito wa vijijini waliompoteza walipata hasara. Lakini tukubali kwamba bila sheria zile pengine wazazi wasingetoa binti hata mmoja.

Jambo la pili lilikuwa lugha. Bibi Cook hakungoja wasichana wajue Kiingereza ndipo wafundishwe. Alifundisha kwa Kiganda. Tangu mwaka 1903 Daktari Cook alikuwa ametoa kitabu cha maneno ya uganga kwa lugha hiyo. Baadaye, katika miaka ya 1920, mume na mke wakatoa kitabu kizima cha ukunga kwa Kiganda, kiitwacho Amagezi Agokuzalisa. Mnyambo hahitaji mkalimani kulielewa jina hilo: ni maarifa ya kuzalisha. Tunaliweka hili mbele ya wale wanaosema kwamba sayansi haikai katika lugha zetu. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwanafunzi wetu hukariri hatua za kuzuia damu baada ya uzazi kwa Kiingereza, kisha usiku akiwa peke yake na mama anayevuja damu, mama huyo anamwambia hali yake kwa Kinyambo. Hatusemi Kiingereza kiondolewe. Tunasema Bibi Cook aliona tatizo hilo mapema, akalifanyia kazi.

Jambo la tatu ndilo kiini cha habari yetu. Mkunga wa Mengo hakuandaliwa ili akae Mengo. Aliandaliwa aende kwenye kituo cha shambani, mbali na daktari, pengine mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu. Huko angekuwa peke yake. Mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi wake atakuwa peke yake hawezi kuridhika na majibu mazuri ya mdomo. Hana budi kujiuliza kazi zenyewe ni zipi, na kila moja kuona kwa macho yake kwamba imefanyika.

Na kazi za mkunga si nyingi kupita kiasi, ila hakuna hata moja inayosamehe uzembe. Kunawa mikono na kuchemsha vyombo, hata kama maji ni ya kubeba kichwani. Kulipapasa tumbo na kujua mtoto amelalaje, kichwa kiko wapi, mgongo uko upande gani. Kuusikia moyo wa mtoto. Kujizuia kuvuta. Hili la mwisho ni gumu kufundisha, maana mtu mwenye hofu hupenda kufanya kitu, na mkunga mzuri mara nyingi kazi yake ni kungoja. Kufunga na kukata kitovu kwa usafi, maana pepopunda ya watoto wachanga iliua wengi. Kutia dawa machoni mwa mtoto ili asipofuke. Kuikagua kondo ya nyuma na kuona kama imetoka yote. Kukanda tumbo la uzazi likaze. Na juu ya yote, kujua lini jambo limemzidi, na kumtuma mtu mbio hospitalini kabla ya jioni badala ya alfajiri.

Hayo ndiyo aliyofundisha katika wodi, kitandani pa mama mwenye uchungu. Mwanafunzi alitazama, akasaidia, akafanya akitazamwa, na mwisho akapewa mtihani na cheti. Kisha vituo vya uzazi vikafunguliwa, kimoja baada ya kingine, katika nchi ya Buganda na nje yake, na wakunga wale wakatumwa huko.

Wala Bibi Cook hakuwasahau baada ya cheti. Alikuwa mkaguzi wa vituo hivyo, akizunguka kwenye barabara za vumbi na matope kuvitembelea, na kuona kama yaliyofanyika Mengo bado yanafanyika shambani. Tunadhani hapa ndipo ukuu wake ulipo. Ni rahisi kufungua shule. Kumfuata mwanafunzi miaka mitatu baadaye na kufungua sanduku lake la vyombo, kutazama mkasi umeota kutu au la, hilo wachache hulifanya hata leo.

Tusije tukafikiri kwamba kabla ya Mengo hapakuwa na ujuzi. Mwaka 1879 mmisionari mmoja, Robert Felkin, akiwa Bunyoro, alimwona mganga wa kienyeji akimpasua mama tumbo na kumtoa mtoto. Mganga yule alitumia pombe ya ndizi kusafishia mikono na tumbo, na chuma cha moto kuzuia damu, na Felkin aliyaandika hayo na kuyachapisha Uingereza miaka michache baadaye. Ujuzi ule ulifundishwa bila kitabu, kutoka mkono wa mzee kwenda mkono wa kijana. Bibi zetu wakunga wa hapa Karagwe walijifunza vivyo hivyo. Walichokosa si mikono. Walikosa habari za vijidudu, na walikosa mahali pa kumpeleka mama waliposhindwa. Upungufu wa Bibi Cook na wenzake ulikuwa kwamba mara nyingi waliwatazama wakunga wale kama adui, badala ya kuwauliza walichokijua.

Ukitoka Mengo ya mwaka 1919 hadi vyuo vyetu vya leo, njia ni ndefu ila haijakatika. Katika miaka ya 1970 nchi yetu ilichukua wasichana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha kwa muda wa mwaka mmoja na nusu kuwa wasaidizi wa afya ya mama na mtoto, ikawapeleka vijijini. Wengi wenu mlizaliwa mikononi mwao. Elimu yao ilikuwa fupi, kazi yao ilijulikana wazi, na ndiyo maana waliweza kuifanya. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, waliokuwa Harare, mji ulioitwa Salisbury wakati ule, walitengeneza karatasi ya kuandika maendeleo ya uchungu, ambayo sasa tunaiita patografu. Waliitengeneza kwa ajili ya wakunga wa vituo vya mbali, ili mstari ukivuka mahali fulani mkunga ajue kwamba ni wakati wa kumhamisha mama. Mwaka 1975 Harden, huko Dundee, alieleza namna ya mtihani ambapo mwanafunzi huzunguka vituo kadhaa, kila kituo kina kazi yake, na kila kazi ina mtazamaji mwenye orodha. Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu juu ya mitaala ya umahiri katika elimu ya uganga. Na nchini kwetu leo vyuo vya uuguzi vinafuata mtaala wa namna hiyo, kwa ngazi za cheti na stashahada, chini ya mabaraza ya serikali ya elimu ya ufundi na ya uuguzi na ukunga.

Sasa tuseme lililo mioyoni mwetu. Mtaala wa umahiri ukifuatwa kwa karatasi tu, ni mbaya kuliko ule wa zamani, kwa sababu unatoa ushahidi wa uongo. Wanafunzi wametusimulia, na hatutaji chuo, kwamba ziko siku ambapo wanafunzi 20 wanamzunguka mama mmoja anayejifungua, na wote hupata sahihi katika daftari kana kwamba kila mmoja amezalisha. Wametusimulia pia habari za patografu iliyojazwa baada ya mtoto kuzaliwa, mstari umenyooka vizuri, maana aliyeuchora alikwisha kujua mwisho wake. Karatasi ya namna hiyo haimsaidii mama yeyote. Mama wa Murongo au wa Kaisho, ambaye gari la kumfikisha Isingiro au Nyakahanga halijapatikana na mvua imeharibu barabara, anategemea kwamba yule binti wa zahanati alifanya kweli yale ambayo daftari linasema aliyafanya.

Tukumbuke pia Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa katika mkoa wetu, wilaya ya Bukoba. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, na mmoja wa waliokufa alikuwa mtumishi wa afya. Kuvaa glavu na kuzivua bila kujigusa ni jambo dogo sana kulieleza, na katika mtihani wa kuandika kila mwanafunzi hulipata. Kulifanya saa nane za usiku, umechoka, mgonjwa anatapika, ni jambo lingine, na haliwezi kupimwa kwa kalamu.

Kwa hiyo mzazi anayeambiwa kwamba binti yake amerudishwa kurudia, tunamsihi asiende chuoni na hasira. Aende na swali: je, kuna wagonjwa wa kutosha wa kumfundishia, na kuna mwalimu wa kumtazama? Kama vyote vipo, kurudia ni kwa faida yake. Kama havipo, basi hapo ana haki ya kupiga kelele, nasi tutapiga pamoja naye. Bibi Cook alikuwa na wanafunzi wachache na aliwatazama mwenyewe. Vyuo vyetu vina wanafunzi wengi na walimu wachache, na hili halirekebishwi kwa kubadili jina la mtaala.

Turudi kwa mama wetu, tumalize habari zake. Mwaka 1931 Mengo iliongeza shule ya wauguzi, kando ya ile ya wakunga. Mwaka 1932 Daktari Cook alipewa cheo cha Sir na Mfalme wa Uingereza, na Bibi akaitwa Lady Cook. Mwaka 1934 wote wawili walistaafu. Wamisionari wengi wa wakati ule walipostaafu walirudi kwao, wakakaa kando ya moto na picha zao za Afrika. Hawa hawakurudi. Walihamia nyumba yao katika kilima cha Makindye, mahali ambapo wanaweza kuutazama mji waliouona ukikua kutoka vijumba vya nyasi.

Bibi Katharine Cook alifariki dunia huko Uganda mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 75 hivi, baada ya kukaa katika nchi ile zaidi ya miaka 40. Mumewe aliishi miaka 13 zaidi. Aliandika kumbukumbu zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1945, akafariki 23 Aprili 1951, akazikwa Namirembe. Maktaba ya shule ya uganga ya Makerere inaitwa kwa jina lake. Shule ya wakunga ya mkewe haikufa naye. Mengo bado wanafundisha wauguzi na wakunga, na mtu wa parishi yetu akienda Kampala kwa basi la Mutukula anaweza kupanda kilima hicho akawakuta wanafunzi wanatoka zamu ya usiku, madaftari yao mkononi.